Jiko la Kupigwa Picha

Iko siku moja, Mwanangu, ambayo nikiikumbuka hasira hunipanda upya kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, ingawa wote waliokuwapo wanaicheka sasa, na mimi hucheka nao nisionekane bibi mchungu. Ni siku ambayo mkaza mwanangu Rayya alinikataza kukaanga kitunguu ndani ya jiko la nyumba tunayokaa, hapa Bawshar, Maskati. Kitunguu, Mwanangu! Sikusema nataka kuchinja ngamia.

Lakini nikikusimulia hiyo peke yake utaniona mgomvi tu, na mgomvi kweli niko, ila si bila sababu. Acha nianze mbali kidogo.

Jina langu Shamsa. Nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, baba yangu Mmanga mwenye duka la vitambaa. Skuli nilisoma kwa Kifaransa mpaka sekondari, nikaishia hapo, kisha tukahamia Maskati nikaolewa na kijana wa Kiunguja aitwaye Said. Ukoo wake wote ulikicheka Kiswahili changu. Walisema nazungumza kama redio ya betri zilizochoka. Nikawapikia, wakaacha kucheka. Leo mimi ni bibi kizee, mtu wa ndani kabisa. Safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani kwenda jikoni, na njiani napumzika kwenye kochi. Wenzangu wakienda kutembea kule korniche, kando ya bahari, asubuhi kwa ajili ya magoti yao, mimi magoti yangu nayaacha yalale.

Ukiacha ile ya kuhamia Maskati, safari ya kweli nilifanya moja tu, nikiwa bibi harusi. Said, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa. Tulikuwa tunakaa fleti ya mtaa wa Darsait yenye jiko dogo, ukifungua friji basi mwenzako lazima atoke nje. Kazini kwake wakampeleka Ufaransa kwa mafunzo, wakamruhusu achukue mke. Kiwanda chenyewe kilikuwa huko shamba, mbali na mji wowote, hoteli hakuna, ikabidi tupange chumba kwa bibi mmoja mjane. Jina lake Odile. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko ya Said, na kila siku mfuko wa aproni yake ulikuwa na kisu.

Sasa wewe unazijua adabu zetu. Mgeni haingii jikoni kwa watu. Mgeni anakaa majlis, chumba cha wageni, amejipamba, anangoja. Akikaribishwa chakula anakataa kidogo, akikaribishwa tena anakubali kama mtu anayelazimishwa, na chakula kinatokea tu kutoka huko nyuma kama kimeshuka na malaika. Ndivyo nilivyolelewa. Basi kule kwa Odile nikavaa gauni langu zuri, bangili zangu mkononi, nikaenda kukaa katika chumba cha mbele, kwenye kiti kigumu chenye vumbi. Nikangoja. Nikasikia sufuria zinagongana upande wa pili na watu wanacheka. Odile akaniletea sinia, akaiweka bila neno, akaondoka. Kesho yake vilevile. Said aliingia jikoni kuomba maji ya kunywa, hakutoka tena. Nikawa namsikia na yeye anacheka huko ndani, na Kifaransa chake cha maneno mawili.

Moyo ukaniuma. Nikasema hawa watu hawana adabu, wamemtupa mgeni kama mwavuli.

Siku iliyofuata Odile akaingia na aproni ya pili mkononi, akanirushia mapajani.

"Binti mfalme," akaniambia, "katika chumba hiki tuliwalaza baba yangu na mume wangu siku walizokufa, watu waje kuwaaga. Wewe unapumua. Umekaa humu unafanya nini?"

Nikamwambia nangoja kukaribishwa.

"Kukaribishwa wapi? Nyumba yangu ni kule. Hapa ni mlango tu wenye viti."

Akanivuta mkono. Nikaenda na bangili zangu zote zikilia.

Mwanangu, nikueleze jiko lile namna gani? Lilikuwa kubwa kama msikiti wa mtaani. Sufuria za shaba zilining'inia juu ya moto, nje nyeusi tii, ndani zimesuguliwa mpaka unajiona meno. Katikati palikuwa na meza ndefu ya mbao nzito, aliyoikuta kwa bibi yake, na bibi yake aliikuta kwa mtu mwingine. Ile meza ilikuwa na makovu, na kila kovu Odile alilijua kwa jina. Hapa kaka yake alichoma kisu akitaka kumtisha, akapigwa. Pale pamebonyea kwa sababu ya unga uliokandwa mahali pamoja maisha mazima. Na karibu na dirisha palikuwa na duara jeusi, limeungua ndani ya mbao. Siku habari ilipofika kijijini kwamba vita vimekwisha, mama yake aliteremsha sufuria ya moto, akaiacha juu ya meza kavu, akakimbia nje kuwakumbatia majirani. Waliporudi, mchuzi umepoa na duara limebaki. Odile alikuwa akilipitishia kidole kila anapopita, hata akiwa na haraka.

Jiko lile lilikuwa na sifa, kwa sababu zamani mchoraji fulani aliwahi kupanga chumba cha juu, akalichora lile dirisha pamoja na sufuria. Basi watu walikuwa wakija kutoka mjini na kamera zao kulitazama. Odile hakuwafukuza, lakini hakuwaachia bure. Mlangoni alikuwa na kapu la vitunguu. "Anayetaka kuliona jiko langu achukue kisu," alisema, na kweli kila aliyeingia alimenya kwanza. Nimewaona mabwana wenye tai wakilia machozi pale mezani. Mmoja tu alikataa. Alisema yeye hakuja kumenya, amekuja kuinunua meza, aiweke sebuleni kwake mjini. Odile akamtoa mpaka barabarani, na upawa mkononi. Aliporudi aliugonga upawa mezani.

"Unajua atakachokifanya?" akaniuliza. "Ataweka maua juu yake! Juu ya mahali mama yangu alipoachia sufuria! Nitaipasua kuni kwanza niokee mkate." Kisha akanigeukia mimi, kama vile ni mimi niliyetaka kuinunua. "Na wewe siku ukiwa na jiko lako, mtu asilitazame kabla hajatia mkono. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nani angesema hakusikia, na upawa ule?

Humo ndimo nilimoonja raha ya kupika, Mwanangu. Nyumbani nilikuwa napika kwa sababu watu wana njaa. Kwa Odile tulipika kwa sababu asubuhi imeingia dirishani na kitunguu kipo. Alinifundisha kuku wake: kitunguu kiive katika siagi polepole mpaka kilegee, kuku abadilike rangi, kitunguu thomu, majani ya zaatari, haradali, halafu mvinyo. Hapo kwenye mvinyo tukagombana. Nikamwambia sisi hatutii. Akasema basi huyo si kuku wake. Nikasema basi sili. Akanuna kutwa nzima. Kesho yake akashuka na chupa ya maji ya zabibu mbichi, chachu kama ndimu. "Bibi yangu alipika kwa hii," akasema, "na bibi yangu alipika vizuri kuliko mimi." Said akachinja kuku uani, kwa bismillahi, na bata wa Odile wakimtazama. Tulikula pale pale mezani, na mimi nikakata mkate vibaya kisu kikazama kwenye mbao. Nikashtuka. Odile akainama akalitazama lile kovu jipya, akasema, "Hili litakuwa la Shamsa."

Niliporudi Darsait nilipika kuku yule miaka na miaka, na badala ya zabibu mbichi nikatia ndimu kavu yetu. Watoto wangu wamekua na hadithi ya Odile kama wengine wanavyokua na hadithi za majini. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwanangu Nassor alipojenga nyumba hapa Bawshar, mimi nikiwa nimeshafiwa, alikuja kunichukua Darsait na virago vyangu. Rayya, mkewe, akanifumba macho kwa mikono yake, akaniongoza mpaka mahali, akanifumbua. "Mama," akasema, "tumekujengea jiko la Odile."

Nililia, sikufichi. Meza ndefu ya mbao. Jiko la buluu lenye vishikio vya shaba, limeagizwa kutoka huko huko. Sufuria za shaba ukutani. Kitunguu thomu kimesukwa kinaning'inia. Nikamkumbatia Rayya nikamwombea dua.

Kisha nikaenda kuipapasa meza. Makovu yalikuwapo, mengi, lakini yote marefu sawa, yote yanaelekea upande mmoja. Nikauliza. Rayya akaniambia kwa furaha kabisa, "Yanatiwa kiwandani, Mama, kwa mashine! Yenye makovu ndiyo ghali."

Wallahi nilikaa chini. Makovu ya kununua! Kuna mtu mahali fulani duniani kazi yake ni kuzeesha meza, na sisi tunamlipa. Nikagusa kitunguu thomu, plastiki. Nikataka kuteremsha sufuria, imefungwa ukutani kwa skrubu. Nikauliza tunapika wapi. Rayya akanifungulia mlango wa nyuma, ng'ambo ya ua, jirani na tangi la maji: kijumba chenye jiko la chuma na feni iliyovunjika, ndimo dada wa kazi Mwajuma anamopika akitoka jasho. Ndivyo wanavyojenga siku hizi. Jiko moja la kupikia, limefichwa nyuma kama kosa. La pili la kupigwa picha. Rafiki zake Rayya huja, wanashika mwiko ambao haujawahi kuona mchuzi, wanatabasamu mbele ya simu, halafu mwenye pikipiki anagonga geti na maboksi ya chakula.

Nilikuwa mgeni wa mwanangu. Nilipika nyuma kule na Mwajuma, na kila Ijumaa mjukuu wangu Asma, binti wa Rayya, alikuja kukaa nami, nikamfundisha kuku wa Odile. Hakujifunza kingine. Alisema kingine kitamchanganya.

Sasa sikiliza. Asma akapendana na mwenzake wa kazini, Hilal, kijana wa watu. Ikawa mama yake Hilal, Bi Thuraya, anakuja na dada zake kumwona msichana. Na mila zao hao, kijana akioa, mke anahamia kwao, anakaa na mkwewe nyumba moja. Rayya akapanga mambo kama waziri.

"Chakula nimeshaagiza," akaniambia. "Biriani, nyama, saladi, kila kitu. Kikifika tutakipakua kwenye vyombo vya shaba, tutaviweka juu ya jiko la buluu, na tutasema Asma kapika."

"Kapika nini?"

"Vyote."

"Na wakimuuliza ametia nini?"

"Nani anauliza, Mama? Watu wanakula, wanashukuru, wanaenda zao."

Asma alikuwa anasikia. Jioni ile alinifuata chumbani, akakaa kitandani kwangu akivuta vuta ncha ya shela. "Bibi, Hilal nimeshamwambia sijui kupika, kacheka tu. Atakayedanganywa ni mama yake, na ndiye nitakayekaa naye. Wakinichukua kwa biriani ya hoteli, kila Ijumaa itabidi nimfiche mwenye pikipiki nyuma ya pazia."

Nikacheka. Nikamtazama, kumbe analia.

"Sitaki kuingia kwa watu na uongo mkononi," akasema.

Basi siku yenyewe asubuhi nikaenda jiko la mbele na kitunguu changu kimoja na kisu, nikaanza kumenya. Rayya akatokea mbio.

"Mama, la! Harufu! Mapazia! Wageni wanakuja!"

"Wageni wanakuja kula au kuoa mapazia?"

"Kama unataka kupika, jiko la nyuma lipo."

Mwanangu, nimetukanwa maishani mwangu. Nimechekwa na Waunguja. Lakini kuambiwa niende nyuma na kitunguu, katika jiko lililojengwa kwa jina la Odile! Aliyenirushia aproni ili nitoke kwenye chumba cha maiti! Damu ilinichemka mpaka masikio yakawaka. Nikaweka kisu chini taratibu. Rayya akafurahi, akachukua funguo za gari, akaenda saluni.

Gari lake lilipopinda tu, nikasikia honi ya gari la gesi mtaani. Nikamwambia Asma, "Kamwite."

Yule mwenye gesi akaingia na mtungi begani, akalitazama jiko la buluu, akanitazama. "Jipya hili, mama?"

"Lina umri mkubwa kuliko ndoa yako. Unganisha."

Asma akabandua nailoni na vibandiko vya dukani. Tukawasha. Moto ukatoka wa samawati, mzuri, na Asma akapiga makofi kama mtoto. Mwajuma akaleta sufuria zake kutoka nyuma, maana za ukutani zile zilikuwa mapambo, na kuku, na samli. Asma akatia kitunguu. Nikamwambia polepole, kilegee, kisikimbizwe. Harufu ikapanda. Juu ya jiko kulikuwa na kofia kubwa ya kuvuta moshi, imechongwa vizuri, nikamwambia aiwashe. Akatafuta swichi, hakuna. Akapanda kiti akachungulia ndani. "Bibi," akasema, "humu muna mbao na buibui."

Hata bomba la moshi lilikuwa la uongo! Tukafungua madirisha yote, na harufu ya kitunguu ikatoka ikaenda kuwasalimu majirani, kwa mara ya kwanza toka nyumba ile isimame.

Sikufichi, Mwanangu, kwa kitambo kile hasira ilinitoka. Asma alikuwa na haradali kwenye pua, ananiuliza zaatari inatosha, anaonja, anafumba macho. Tukapasua ndimu kavu. Mwajuma anaimba kitu cha kwao Tanga. Nikaona mikono ya Odile, kubwa vile, inazunguka juu ya sufuria. Ndiyo raha yenyewe hiyo. Anayedhani iko kwenye rangi ya jiko ameibiwa pesa yake.

Wali tulioubandika pembeni ukashika chini, kwa sababu tulikuwa tunacheka. Asma akaiteremsha sufuria mbio, akaitua mezani, kavu kavu. Ikalia chhh. Tukainua. Duara jeusi, zima, limekaa katikati ya yale makovu ya mashine.

Hapo hapo Rayya akaingia na nywele zake, na nyuma yake mwenye pikipiki na maboksi.

"Mama! Meza!"

"Meza ipo, haijaenda popote."

"Ya Rabbi! Nyumba yote inanuka!"

Kengele ya geti ikalia. Rayya akawasha udi mwingi hata Mwajuma akakohoa, akawapeleka wageni majlis, akarudi jikoni kwa ncha za vidole. Tukagombana kwa kunong'ona.

"Tutatoa cha hoteli," akanong'ona. "Asma, vaa vizuri. Umepika wewe."

"Mama, wakiniuliza nitasema hicho sikukipika mimi."

"Unataka kuniaibisha? Nyote mnanihukumu! Mimi narudi kutoka kazini jioni nimekufa. Nani wa kupika? Mlitaka nisimame na upawa mpaka saa ngapi?"

Hapo alinigusa, maana ilikuwa kweli, nami sikuwahi kumwambia. Nikamshika mkono. "Rayya, kuagiza si kosa. Agiza kila siku, mimi nitakula, na wewe upumzike. Lakini useme umeagiza. Usimvalishe mtoto wangu chakula cha watu kama gauni la kukodi."

Macho yakamjaa machozi. Sikumngoja ajibu. Nikaenda majlis.

Walikuwa wamekaa wamejipanga, Bi Thuraya katikati, mtu wa haiba, dhahabu mpaka kwenye viwiko. Nikataka kuwaambia ile ya chumba cha maiti, ulimi ukanifika kwenye meno, nikaumeza. Nikasema tu, "Bi Thuraya, Asma yuko jikoni, kapika. Tafadhalini tuleni kule kule."

Dada zake wakatazamana. Kumwita mgeni jikoni, na siku ya kuja kumwona msichana! Nyuma yangu nilimsikia Rayya akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Bi Thuraya akaniangalia, akasimama.

"Nnasikia harufu ya kitunguu tangu getini," akasema. "Nikajiuliza, imepotea njia hii? Mtaa huu haunuki chakula."

Alipoingia nikampa kisu na kitunguu cha kachumbari. Sijui ushujaa ule niliutoa wapi. Akakitazama kisu, akanitazama mimi, akavua bangili zake moja moja akaziweka mezani, akaanza kukata, vyembamba, vizuri, bila kutazama mkono. Fundi.

"Toka nianze kumtafutia mwanangu mke," akasema huku anakata, "kila nyumba nnapewa biriani ile ile. Nnaijua mpaka pilipili yake. Na kila nyumba naambiwa kapika binti yetu. Nikasema binti huyu ana mbio, yuko nyumba zote!"

Dada zake wakacheka. Rayya alikuwa amesimama mlangoni na maboksi nyuma ya mgongo, uso umemwiva.

Asma akaweka kuku mbele yake. "Bi Thuraya, mimi najua kupika hiki kimoja tu. Kanifundisha Bibi. Na wali umeshika chini."

"Umeshika?"

"Umeshika. Samahani."

"Ukoko upo?"

"Upo, lakini..."

"Nipe huo. Nyumba zote hizo hapana aliyenipa ukoko. Hoteli hawapakii ukoko, mwanangu."

Asma akaukwangua kwa upawa, akamwekea, na wale dada wakaanza kuugombania kama watoto wa madrasa. Bi Thuraya akaumwagia mchuzi wa kuku, akatafuna. Akaongeza. Kisha nikamwona Rayya anayaweka maboksi juu ya kaunta, mbele ya watu wote. "Na hii hapa ndiyo ile ya nyumba zote," akasema, sauti ndogo. "Nimeiagiza mimi."

Bi Thuraya akacheka mpaka akashika kifua. "Hiyo wapelekee mafundi wanaojenga hapo jirani, wana njaa ya kweli. Wewe njoo ukae, mama yake Asma. Umesimama kwako kama mgeni!"

Rayya akavua viatu vyake virefu, akavuta kiti. "Nipeni na mimi kisu," akasema.

Arusi ni baada ya Ramadhani, inshallah. Hilal naye tumemwita akaja kumenya. Anamenya vibaya, tutamrekebisha.

Lakini usidhani hasira yangu imekwisha. Rayya alitaka kumleta fundi aikwangue ile alama mezani. Nikamwambia aanze kunikwangua mimi. Basi ikawa kila asubuhi anaweka chombo cha maua juu yake, na mimi kila asubuhi nakiondoa, naweka sufuria ya chai. Tuliendelea hivyo mpaka juzi alipokuja rafiki yake mmoja wa zile picha. Akaiona ile alama, akaigusa kwa kucha, akasema, "Wallahi nzuri! Hii mmeagiza wapi?"

Nikafungua mdomo. Rayya akaniwahi.

"Hii haikuagizwa," akasema. "Hii kaiunguza Asma." Akapitisha kidole juu yake, pole pole, mzunguko mzima. Kisha akamsogezea kapu la vitunguu.

Sasa Mwanangu, nisikilize, halafu nikuache ukale. Ukichoka, nunua chakula, ule, ushukuru, na useme umenunua. Hapana aliyewahi kufa kwa kusema hivyo. Usinunue makovu, maisha yenyewe yatakuletea bure, na yatakuwa na majina. Ukiwa na jiko zuri, liwashe, hata kama mapazia yatanuka. Mgeni umpendaye usimwache peke yake na vumbi la majlis. Mvute mkono, mpe kisu. Na usikubali, kwa ajili ya arusi wala kwa ajili ya mtu yeyote, kusifiwa kwa mkono usio wako, maana ukishasifiwa utalazimika kuuficha huo mkono wa mwenzako maisha yako yote.

Mungu akupe moto usiozimika na watu wa kuuzunguka. Akupe kitunguu cha kukuliza na asikupe kingine cha kukuliza. Wali wako ushike chini kidogo tu, na asikosekane wa kuugombania ukoko. Amin, na unioshee hiyo sufuria kabla hujaondoka.